Kanivali za majira ya baridi kwenye miji ya maziwa ya Italia: tarehe, usafiri, vijiji vya kwenda na yanayoharibu safari

#1 Chuma cha Reli

Wakuu, salaam. Kila Februari ikikaribia maswali ni ya Venezia tu, na majibu ni yaleyale: ghali, msongamano, vyumba vimekwisha. Wachache wanajua kwamba kuzunguka maziwa ya Como, Garda na Idro kuna kanivali ambazo wenyeji wanajichezea wenyewe, mgeni anakaribishwa kutazama. Uzi huu ni wa utaratibu: lini, wapi, unafikaje, kinaharibika nini. Wenye ujuzi mtaongezea.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo wengi wanapopoteza nauli. Kanivali haina tarehe ya kudumu. Inahesabiwa kurudi nyuma kutoka Pasaka: Jumatano ya Majivu ni siku 46 kabla ya Pasaka, na Jumanne inayoitangulia (martedì grasso) ndiyo kilele. Alhamisi ya wiki hiyo ya mwisho (giovedì grasso) ndiyo mambo yanapopamba moto. Kwa hiyo 2027, Pasaka ikiwa 28 Machi, Alhamisi ni 4 Februari na Jumanne ya mwisho ni 9 Februari. Mwaka 2028 Pasaka ni 16 Aprili, Alhamisi inaangukia 24 Februari na Jumanne 29 Februari. Ukikata tiketi kwa kufuata tarehe za mwaka uliopita utakuta mitaa inafagiliwa.

Sasa siri ya safari yenyewe. Jimbo kuu la Milano hufuata ibada ya Mtakatifu Ambrosi, na huko Kwaresima haianzi Jumatano bali Jumapili inayofuata. Kanivali yao inasogea hadi Jumamosi (sabato grasso), yaani siku nne zaidi. Wenyeji wana hadithi kwamba askofu Ambrosi alikuwa safarini kuhiji akaagiza wamngoje. Hadithi au si hadithi, faida kwako ni hii: Jumanne unakuwa Schignano, juu ya Ziwa Como upande wa magharibi, kwenye jimbo la Como linalofuata kalenda ya Roma. Unapumzika siku tatu. Jumamosi unakuwa Lecco, kwenye tawi la mashariki la ziwa hilohilo, na wao ndio kwanza wako kileleni. Kwa 2027 Jumamosi hiyo ni 13 Februari, kwa 2028 ni 4 Machi. Wiki moja, ziwa moja, kanivali mbili za mwisho.

Angalizo: mpaka wa ibada haufuati mpaka wa mkoa wala ufuko. Vijiji viwili jirani vinaweza kuwa na kalenda tofauti. Usikisie, soma bango la manispaa au tovuti yake wiki mbili kabla.

Kuhusu mahali: usichague mji kwa sababu picha zake za ziwa ni nzuri. Bellagio, Varenna, Sirmione na wenzao wakati wa baridi hoteli nyingi zinafungwa kuanzia Novemba mpaka Machi au Pasaka, na mikahawa vilevile. Kanivali inahitaji watu wanaoishi pale mwaka mzima. Ama uende mji wenye watu wake, kama Lecco au Arco, ambako utaona magari ya maonyesho yenye masanamu makubwa ya karatasi na gundi, ama upande kwenye vijiji vya juu ya ziwa, ambako hakuna magari, kuna vinyago. Kwa maoni yangu vijiji vya juu ndivyo vinavyostahili nauli ya ndege. Magari ya maonyesho utayaona popote.

Lala kwenye mji wenye stesheni: Como, Lecco, Brescia, Desenzano au Rovereto. Kutoka Milano Centrale hadi Lecco ni kama dakika 40 kwa treni za kuelekea Sondrio na Tirano. Como San Giovanni nayo ni kama dakika 40. Ukitua Malpensa usiingie Milano kwanza: panda treni ya uwanjani ushuke Saronno, pale ubadilishe ya kwenda Como Lago, ambayo inakushusha karibu kabisa na maji. Ukitua Bergamo, basi la uwanjani hadi stesheni ya Bergamo, kisha treni ya Lecco.

Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa lazima uigonge kwenye mashine kabla ya kupanda. Kutogonga ni faini, na kusema wewe ni mgeni hakusaidii.

#2 Sitti wa Forodhani

Ahsante kaka kwa uzi. Mimi na wenzangu ni Waislamu, tunatoka Muscat. Naona 2027 inagongana na Ramadhani. Tufanyeje? Na vyakula vya mitaani tunavyoviona kwenye picha, vile vya unga vilivyonyunyizwa sukari, vinalika?

#3 Mwanamkasi

Sitti, Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na 8 Februari, kutegemea mwandamo, yaani Jumatatu ya kanivali yenyewe. Mkitaka 2027, njooni wikiendi ya tarehe 6 na 7 Februari muondoke. Ikiwa mnaweza kusubiri, 2028 inakaa vizuri zaidi: mfungo unatarajiwa kuisha karibu na 26 Februari, kwa hiyo Jumanne ya tarehe 29 na Jumamosi ya Lecco tarehe 4 Machi zote ziko baada ya Idi.

Kuhusu vyakula, hapa inabidi kuuliza, si kuangalia kwa macho. Vile vya unga mwembamba vilivyokaangwa vina jina lake kila mkoa: chiacchiere Lombardia, crostoli Trentino na Veneto, bugie Piemonte, frappe huku Lazio. Kitu ni kilekile na mitego yake ni miwili. Wa kwanza ni donge lenyewe: mapishi ya asili hutia grappa (pombe kali ya zabibu), divai nyeupe au marsala (divai nzito) kidogo, ili unga uvimbe na kuwa mkavu ukigusa mafuta. Wa pili ni mafuta: zamani ilikuwa strutto, mafuta ya nguruwe, na bado wapo wanaotumia kwa sababu yanakausha vizuri. Vya viwandani vingi siku hizi vinakaangwa kwa mafuta ya mimea, na pakiti inaandika viambato. Tafuteni maneno strutto, alcol, vino, grappa, marsala. Kibandani ulizeni: "C'è strutto? C'è alcol?" Anayesita kujibu, mwacheni.

Zile duara ndogo (castagnole, frittelle) mara nyingi zina ramu au pombe ya anisi.

Vinavyowafaa zaidi: polenta uncia, unga wa mahindi uliopikwa ukachanganywa jibini, kisha ukamiminiwa siagi iliyounguzwa na kitunguu saumu na majani ya sage. Haina nyama. Angalieni tu asiweke soseji juu. Na kwenye Ziwa Como kuna missoltini, samaki wa ziwani waitwao agone: wanatiwa chumvi, wanaanikwa juani, kisha wanapangwa kwenye mkebe na majani ya bay na kukandamizwa mpaka mafuta yatoke. Huchomwa kidogo makaani na kunyunyiziwa siki. Aliyekulia pwani atasema ni ng'onda aliyekwenda Ulaya. Vin brulé ni divai ya moto, haiwahusu, ingawa harufu ya karafuu na mdalasini itawavuta.

#4 Bwana Kengele

Mkuu Chuma cha Reli kagusa Schignano, niongeze nyama.

Schignano ni kijiji cha bonde la Val d'Intelvi, mita kama 650 juu ya usawa wa bahari, juu ya Argegno. Ziwa lenyewe liko mita 198. Wahusika wake lazima uwajue kabla hujafika, maana pale hakuna msimulizi wala kipaza sauti cha kukueleza.

Kundi la kwanza ni Bei, "wazuri". Hawa wamevaa kitajiri kupita kiasi: tumbo kubwa bandia, lesi, mapambo ya kung'aa, kofia yenye maua na utepe, mkononi kipepeo cha kujipepea au mwavuli. Uso ni kinyago laini cha rangi iliyopauka. Wanatembea taratibu, kwa madaha, na kengele zao ni za shaba, zinatoa mlio mwororo. Kundi la pili ni Brutti, "wabaya": matambara, ngozi za kondoo, sanduku bovu la safari, vikapu, vyombo vilivyovunjika, na kengele nzito za chuma kiunoni zinazogonga kama mabati. Hawa wanakimbia, wanaanguka, wanajibwaga chini, wanakuja kukusukuma. Sanduku lile si mzaha mtupu. Bonde hili kwa karne nyingi lilitoa mafundi ujenzi na wachongaji waliokwenda kufanya kazi nchi za watu, na sanduku ni la mhamaji aliyerudi mikono mitupu. Bello, yaani mmoja wa wale Bei, ndiye aliyerudi na fedha.

Ukisimama kwenye kichochoro utawasikia kabla hujawaona. Mlio mwororo ukikaribia unabaki ulipo. Mlio wa chuma ukikaribia unajibanza ukutani.

Wote hawa hawasemi. Kinyago hakina sauti. Anayesema ni mmoja tu, Ciocia, mwanamume aliyevaa kama mwanamke wa kijijini, mke wa Bello, amefungwa kamba na mumewe, na kazi yake ni kulalamika kwa lahaja ya bondeni siku nzima. Hata Mtaliano wa Roma haelewi, kwa hiyo usihuzunike. Wengine ni Sigurtà na Sapör, ambao ni walinzi wa msafara. Na mwisho yupo Carlisepp, kanivali mwenyewe katika umbo la mtu. Jumanne usiku anafanyiwa mazishi ya kejeli na sanamu lake la matambara linachomwa moto uwanjani.

Vinyago vinachongwa kijijini kwa mbao, hasa za mti wa jozi, kwa sababu ni ngumu, haipasuki ovyo, na inakubali kuchongwa nyembamba. Kinyago kizito kinamchosha mvaaji shingo kabla ya saa kumi. Ukitaka kununua, nunua kwa mchongaji na uangalie upande wa ndani: alama za patasi zinaonekana, na unene unatofautiana kidogo. Cha dukani kilichokatwa kwa mashine ndani ni laini kote. Cha mkono ni fedha nyingi, usitegemee bei ya sumaku ya friji.

Siku zake ni Jumamosi na Jumanne ya mwisho, mchana. Jumanne ndiyo yenyewe kwa sababu ya moto wa usiku.

Njia: basi C10 kutoka Como linalofuata ufuko wa magharibi, unashuka Argegno baada ya kilomita 20 hivi. Kutoka hapo ni mlima, kilomita kama 5 za kona kali, kupanda zaidi ya mita 400. Yapo mabasi ya kupanda bondeni lakini ni machache, na ratiba ya siku za shule si ratiba ya sikukuu. Kosa kubwa la watu ni kupanga kwenda na kutopanga kurudi. Moto unawashwa usiku, na kufikia hapo basi huwa limekwenda. Teksi Argegno hazipangi foleni kukusubiri. Ama umalizane na mwenye gari siku mbili kabla, ama ulale bondeni, ama uondoke kabla ya moto na ukubali hasara.

#5 Kisauni Moja

Swali la wazi wakuu, msinifiche. Nimeona picha za huko watu wamejipaka uso mweusi. Mtu mweusi akienda pale anatazamwaje?

#6 Bwana Kengele

Swali la haki. Kwenye picha za Schignano unayemwona ni Sapör. Ni askari wa zamani wa kufungua njia, wale waliotembea mbele ya jeshi na shoka, amevaa ngozi ya kondoo, ndevu kubwa, uso kapakwa masizi. Hamuigizi Mwafrika, na yupo pale kwa taratibu za kijiji chenyewe.

Kwenye miji ya magari ya maonyesho ni habari nyingine. Huko kila kikundi kinajitungia mavazi, na unaweza kukutana na "kabila la msituni" la nyasi na rangi. Hilo si mila ya kale, ni uvivu wa kufikiri. Vikundi hivyo vimepungua lakini havijaisha. Usipopenda ondoka upande ule au waambie, ni juu yako. Kijijini utakodolewa macho, hasa na wazee na watoto, na Brutti watakuchagua kukusumbua kwa sababu wewe ni mgeni, kama wanavyomchagua Mjerumani mwenye kamera kubwa.

#7 Mpiga Zeze

Mmeishia Como, nami nataka niwapeleke Bagolino. Kwa anayependa ngoma na muziki hii inaizidi Schignano, nabisha na yeyote.

Bagolino iko mkoa wa Brescia, juu ya Ziwa Idro, mita kama 780. Eneo lake la chini, Ponte Caffaro, liko kwenye tambarare inayogusa ziwa, na huko nako kuna kanivali ya aina hiyohiyo yenye wachezaji wake. Hati ya kijiji ya 1518 tayari inataja kanivali, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya miaka 500.

Kuna dunia mbili ndani yake na hazichanganyiki. Moja ni balarì na sonadùr, wachezaji na wapigaji. Hawa ni Jumatatu na Jumanne tu. Jumatatu wanaanza na misa alfajiri, wakitoka kanisani wanaanza kuzunguka kijiji, mtaa kwa mtaa, wakisimama kucheza mbele ya nyumba za ndugu, wachumba na waliowaalika. Vinanda vya upinde (fidla) ndio uti wa mgongo, na gitaa, mandolini na besi la kusimama. Kila ngoma ina jina lake na hatua zake. Jumanne jioni wanafunga kwa ngoma iitwayo Ariosa.

Tazama kofia. Ni ya sufu, imefunikwa utepe mwekundu uliokunjwa kunjo kwa kunjo, na upande mmoja imeshonewa dhahabu halisi: mikufu, hereni, pete, bruchi, za mama, bibi, shangazi, jirani. Dhahabu ya ukoo mzima iko kichwani kwa mtu mmoja. Ndiyo maana hupaswi kuigusa wala kuomba uivae kwa picha. Kushona kunachukua muda mrefu na kila pambo linajulikana ni la nani, maana kanivali ikiisha linarudi kwa mwenyewe.

Dunia ya pili ni màscher. Hawa wanatembea siku zote za kanivali, wamevaa kama vikongwe, mavazi ya zamani ya shamba, viatu vya soli ya mbao yenye misumari wanavyoviburuza kwenye mawe ili vipige kelele. Wanabadili sauti kuwa nyembamba wasitambulike. Na wana tabia ya kushika watu, wanaume kwa wanawake, kwa ukaribu ambao kwetu si adabu, na wenyeji wanaichukulia ni sehemu ya mchezo. Asiyetaka asisimame katikati ya kichochoro. Akae karibu na wachezaji au kwenye ngazi za nyumba, na akishikwa aseme "no" kwa sauti kavu bila kucheka. Ukicheka wanaelewa umekubali.

Kosa la wapiga picha: kuingia ndani ya duara. Wachezaji wana barakoa usoni, hawakuoni vizuri, na mistari inafunguka na kufunga kwa kasi. Kaa nyuma ya wapigaji, utapata nyuso zikija kwako na mwanga wa mchana kutoka juu ya paa. Usitumie fleshi.

Kufika: treni hadi Brescia, kituo cha mabasi kiko jirani na stesheni, kisha basi la Valle Sabbia kupitia barabara ya Caffaro. Weka masaa 2 hivi, na uliza kama unabadilisha njiani. Kuwahi misa ya alfajiri bila kulala bondeni haiwezekani kwa basi. Vyumba vya kijijini ni vichache na vinachukuliwa mapema, kwa hiyo tafuta Idro, Anfo au Ponte Caffaro.

Jibini la pale, Bagòss, ni gumu, lina zafarani ndani, na hufaa kubeba mkobani. Nunua lililokomaa, halihitaji friji ya safari.

#8 Dereva wa Lori

Kwa wanaotaka kukodi gari, maana mabasi mmeshayaona.

Leseni ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo peke yake haitoshi, unahitaji pia kibali cha kimataifa cha kuendesha, na kinatolewa nchi yako kabla ya kusafiri. Ukifika Italia bila hicho, kampuni inaweza kukukatalia gari na bima isikutambue.

Kuanzia 15 Novemba hadi 15 Aprili barabara nyingi za huko zinadai matairi ya baridi au minyororo ndani ya gari. Usikubali kauli "gari liko sawa". Chungulia ubavu wa tairi: alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani. Ukiona M+S (matope na theluji) tu, omba na minyororo, na umwombe akuonyeshe inavyofungwa ukiwa bado uwanjani, si gizani kwenye kona.

ZTL ni maeneo ya katikati ya mji yanayolindwa na kamera. Hakuna geti, hakuna askari, unapita tu, na faini inakufuata kupitia kampuni ya kukodi, ambayo nayo inakukata ada yake. Como wanalo, Brescia wanalo. Acha gari maegesho ya nje, tembea.

Siku ya msafara barabara ya kijiji inafungwa. Fika masaa 2 kabla. Geuza gari lielekee nje kabla ya kuegesha, kwa sababu wote mtatoka pamoja. Na kwenye kona za Val d'Intelvi barafu inabaki upande wa kivuli hata jua likiwaka upande wa pili.

#9 Mwanagenzi

Wakuu, viza inachukua muda gani? Na mvua ikinyesha?

#10 Chuma cha Reli

Viza ya Schengen: unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla hadi siku 15 kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida ni ndani ya siku 15, lakini wana haki ya kuvuta mpaka 45. Kwa safari ya Februari, peleka maombi Novemba. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, walio chini ya 6 hawalipi. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000 na igharamie nchi zote za Schengen. Mnaoishi Oman au Ghuba kwa ukaazi, ombeni kutoka huko mliko. Wenye ukaazi wa Ujerumani, Uholanzi au Sweden hamhitaji viza, bebeni pasi na kadi ya ukaazi. Wa Uingereza, ukaazi wa kule haukuingizi Schengen. Ni pasi inayoamua.

Kinachowaangusha wengi ni ratiba isiyoshikana: hoteli Como, tiketi ya ndege ya kurudi kutoka Paris, hakuna maelezo ya katikati. Andika ukurasa mmoja, siku kwa siku, utalala wapi na utasafiri kwa nini.

Mvua: msafara wa magari ya maonyesho huahirishwa, mara nyingi hadi Jumapili inayofuata, hata ikiwa ni ndani ya Kwaresima. Karatasi na gundi vikilowa, sanamu linanyonya maji, linakuwa zito na shingo inakatika. Vijiji vya vinyago havijali, mvua ikinyesha wanachafuka zaidi na wanafurahi zaidi. Kwa hiyo mwenye siku chache asitegemee magari peke yake.

#11 Nyuki wa Garda

Garda mmeisahau. Ufuko wa kaskazini, Arco, kilomita kama 5 kutoka Riva, una kanivali ya magari ya maonyesho chini ya ngome. Treni hadi Rovereto, kisha basi la Riva na Arco, chini ya saa moja. Torbole jirani yake, kanivali inakwenda na bigoi, tambi nene zilizotiwa aole, visamaki vidogo vya ziwani vilivyotiwa chumvi. Sufuria ni za umma, foleni ni ndefu, njoo na subira.

Msihesabu boti. Ratiba ya baridi ya Garda imepunguzwa sana, na kaskazini karibu hakuna kitu. Kinachotegemewa mwaka mzima ni vivuko vya magari: Maderno hadi Torri kwenye Garda, Menaggio, Bellagio, Varenna na Cadenabbia kwenye Como, Intra hadi Laveno kwenye Maggiore.

Ukilala Desenzano au Peschiera, Ijumaa kabla ya Jumanne ya mwisho shuka Verona. Si mji wa ziwa lakini treni ni fupi. Ndiyo siku ya Papà del Gnoco wa mtaa wa San Zeno, mzee wa ndevu nyeupe mwenye uma mkubwa uliochomekwa gnocco (tonge la viazi) kubwa. Kwa 2027 ni 5 Februari.

#12 Sitti wa Forodhani

Kuna kitu chochote cha ziwa karibu na Roma? Sehemu ya kundi wanashukia Fiumicino.

#13 Mpiga Zeze

Ronciglione, mkoa wa Viterbo, manispaa inayogusa Ziwa Vico, kilomita kama 60 kutoka Roma. Mji wenyewe hauko majini, uko chini ya ukingo wa volkano iliyozaa ziwa. Siku ya kwenda ni Jumatatu, ya Nasi Rossi: kundi la wanaume wenye pua nyekundu, kanzu nyeupe za kulalia na kofia za usingizini, wamebeba vyungu vya chooni vilivyojaa tambi za rigatoni za sosi. Wanakimbiza watu na uma, wanapanda ngazi hadi dirishani kulisha waliojificha. Sosi ni ya nyama, Sitti, kwa hiyo mkae mbali kwa sababu mbili, ya dini na ya nguo. Ukikataa kwa mdomo wazi ndiyo inaingia.

Basi la Cotral linatoka Saxa Rubra, ambako unafika kwa treni ya Roma Nord kutoka Piazzale Flaminio. Stesheni ya Ronciglione msiitafute kwenye ratiba, reli ile haina treni.

#14 Mama Wawili

Watoto wa miaka 4 na 7, mnashauri wapi? Na wavaeje?

#15 Mwanamkasi

Lecco, dada yangu. Stesheni iko dakika chache za miguu kutoka ziwani, njia ni tambarare, vyoo vya mikahawa vipo wazi. Mfalme na malkia wao wana majina ya milima miwili inayoutazama mji, Re Resegone na Regina Grigna, watoto wanawaelewa upesi. Schignano na Bagolino kwa mtoto wa miaka 4 ni vitisho: vinyago, chuma, watu kuanguka miguuni pake.

Mchana wa Februari ufukoni ni nyuzi 6 hadi 10, jua likizama inashuka karibu na sifuri, na milima inalificha jua mapema kuliko saa inavyosema. Fulana ya ndani ya sufu au ya michezo, si pamba, maana pamba ikilowa jasho haikauki na mtoto anatetemeka. Juu yake sweta, juu kabisa koti la kuzuia upepo. Vazi la kanivali linavaliwa juu ya koti, kwa hiyo nunua kubwa kwa saizi mbili. Viatu soli ya mpira yenye meno, mawe ya mitaa yanateleza.

Vipande vya karatasi (coriandoli) nunua mfuko mmoja, wamwage wenyewe. Waambie wasiokote vya chini: vimechanganyika na changarawe na vinamrukia mtu machoni. Makopo ya povu manispaa nyingi zinayapiga marufuku, pamoja na chupa za kioo, na zinatoza faini. Povu likiingia jichoni osha kwa maji mengi, usifute na skafu.

Msisimame kwenye kona. Mkia wa gari la maonyesho unapepea kwenda nje linapokata kona, na ndipo wanaume wa kamba wanaposukuma watu nyuma.

#16 Kisauni Moja

Kutoka Como kwenda Lecco hiyo Jumamosi, treni au basi?

#17 Chuma cha Reli

Basi C40 kupitia Erba. Ile reli ya moja kwa moja kati ya Como na Lecco ina treni chache, na wikiendi ndiyo usiiguse kabla hujaona ratiba ya siku hiyohiyo. Ukikosa basi, rudi Monza kwa treni ubadilishe ya Lecco. Ni mzunguko lakini treni zipo za kutosha, na ya kurudi usiku utaipata bila kubahatisha.